Tuseme, Tujaalie, Tuchukulie: Sarufi ya Kukisia na Visa-dhanio vya Nanoteknolojia

1.0 Utangulizi

Mwaka 2007 watu zaidi ya 50 kutoka mabara sita walishiriki katika kazi moja bila ya kukutana ana kwa ana. Walizungumza kwa simu ya pamoja, wakaandikiana kupitia intaneti, na wakasahihisha kwa zamu maandishi yaliyowekwa mahali ambapo kila mmoja wao aliweza kuyafikia. Kazi hiyo iliandaliwa na Center for Responsible Nanotechnology, taasisi ndogo ya Marekani iliyoasisiwa mwaka 2002 na Mike Treder na Chris Phoenix. Matokeo yake yalikuwa visa vinane vinavyosimulia jinsi dunia inavyoweza kuwa endapo binadamu atapata uwezo wa kuunda vitu kwa kupanga molekuli mahali pake, moja baada ya nyingine. Visa hivyo havikubaliani. Katika kimoja mambo huendeshwa kwa siri ya kijeshi, katika kingine kwa matumaini. Kimojawapo kimeandikwa kwa mtindo wa ripoti ya tume ya rais. Hakuna kinachodai kwamba ndicho kitakachotokea.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza aina hiyo ya maandishi, namna inavyotungwa na kwa nini ilitumika katika nanoteknolojia hasa, kisha kuonyesha kwamba matatizo yake makubwa ni ya kiisimu. Mtu anapoandika juu ya jambo ambalo halijatokea na ambalo pengine halitatokea, silaha yake ni sarufi: njeo, hali ya kitenzi, na nafsi. Akikosea katika hizo, kisio hugeuka kuwa utabiri, na msomaji huondoka akiamini jambo ambalo mwandishi hakulisema. Kosa hilo hutokea kwa urahisi zaidi pale maandishi ya namna hii yanapofikishwa katika Kiswahili.

2.0 Suala la istilahi

Neno linalotumika katika Kiingereza kwa maandishi haya lilitoka katika michezo ya kuigiza na filamu, likiwa na maana ya muhtasari wa matukio unaoandikwa kabla ya mchezo wenyewe. Herman Kahn, mtafiti wa shirika la RAND nchini Marekani, ndiye aliyelihamishia katika mijadala ya vita vya nyuklia katika miaka ya 1950. Kahn alihitaji neno ambalo halikudai ukweli. Baadaye kampuni ya mafuta ya Shell, chini ya Pierre Wack na wenzake, iliichukua mbinu hiyo na kuitumia katika biashara. Sifa ya Shell ilitokana na mwaka 1973: bei ya mafuta ilipopanda kutoka karibu dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, wakuu wa kampuni hiyo walikuwa wamekwisha kusomewa kisa kinachofanana na hali hiyo. Si kwamba Wack alitabiri vita vya Oktoba mwaka ule. Alichokifanya ni kuwazoesha wasikilizaji wake kufikiri juu ya dunia ambamo wenye mafuta hawataki tena kuyauza kwa bei ya zamani.

Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribia dhana hii, na kila moja lina kasoro yake. "Utabiri" ndilo la kwanza kumjia mfasiri, nalo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa mtabiri huulizwa mwisho wa siku kama alisema kweli au uongo. "Ubashiri" lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuleta habari njema, jambo ambalo halioani na kisa cha maangamizi. "Mandhari" limekwisha kuchukuliwa na wahakiki wa fasihi kwa maana ya mahali na mazingira ya tukio. "Dira", lililoenea Tanzania kutokana na Dira ya Maendeleo ya Taifa 2025 na sasa Dira ya 2050, na "ruwaza", lililotumiwa Kenya katika Ruwaza ya 2030, yote mawili huonyesha mahali pamoja ambapo taifa limeamua kufika. Dira huwa moja. Nahodha mwenye dira mbili zinazopingana yumo hatarini. Lakini kisa cha aina inayojadiliwa hapa hakina maana yoyote kikiwa peke yake. Thamani yake ipo katika kusimama kando ya vingine vinavyokipinga.

Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi "kisa-dhanio", wingi "visa-dhanio": kisa kwa sababu kinasimuliwa na kina mwanzo na mwendelezo, na dhanio kwa sababu msingi wake ni jambo linalodhaniwa tu. Wapo watakaosema kwamba wingi wake unakumbusha hati ya kuingilia nchi za watu. Kistariko kinatosha kuondoa utata huo.

3.0 Nanoteknolojia na mgogoro wa neno moja

Kabla ya kuuliza kwa nini nanoteknolojia ilihitaji visa-dhanio, ni lazima ielezwe kwamba neno lenyewe lina maana mbili zilizogombana kwa muda mrefu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita zipatazo 80,000 hadi 100,000. Richard Feynman, katika mhadhara wake wa tarehe 29 Desemba 1959 huko California, alizungumzia uwezekano wa kupanga atomi mahali zinapotakiwa, ila hakulitumia neno hilo. Lilitungwa na Mjapani Norio Taniguchi mwaka 1974, naye alikusudia ukataji na ulainishaji wa vitu kwa usahihi wa hali ya juu. Mwaka 1986 K. Eric Drexler alichapisha kitabu chake Engines of Creation, ambamo nanoteknolojia ilipata maana nyingine kabisa: mitambo midogo kupita kiasi, ambayo hapa itaitwa viundaji, itakayoshika molekuli na kuzijenga kuwa kitu chochote kinachoruhusiwa na sheria za fizikia.

Mwaka 1989 Don Eigler wa kampuni ya IBM alizisogeza atomi 35 za zenoni hadi zikaandika herufi tatu za jina la kampuni yake. Ilikuwa hatua ya kustaajabisha, lakini kusogeza atomi 35 kwa takribani saa 22 katika baridi kali ni jambo moja, na kujenga kiatu ni jambo jingine.

Mwezi Januari 2000 serikali ya Rais Clinton ilitangaza mpango mkubwa wa taifa wa kugharimia nanoteknolojia. Katika mpango huo neno lilifasiliwa kwa kipimo: taaluma ya maada ya kati ya nanomita 1 na 100. Fasili hiyo iliwaingiza watengenezaji wa rangi, wa mafuta ya kujikinga na jua, wa vitambaa visivyoshika madoa; ikamwacha Drexler nje ya nyumba aliyoipa umaarufu. Wanaisimu wanaujua mchakato huu. Neno hupanuka maana, na maana iliyokuwa kiini hubaki kama tawi lenye kutiliwa shaka. Drexler na wafuasi wake walilazimika kutafuta jina jingine la kile walichokikusudia tangu mwanzo, wakakiita utengenezaji wa kimolekuli.

Mjadala kati ya Drexler na Richard Smalley, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1996, ni mfano bora wa mgogoro wa kisayansi ulioendeshwa juu ya sitiari. Mwaka 2001 Smalley aliandika kwamba kiundaji hakiwezekani kwa sababu mbili. Kwanza, vidole vyake vingekuwa vinene mno kuingia mahali palipobana kiasi hicho. Pili, vingekuwa vya kunata, visiweze kuiachia atomi viliyoishika. Drexler alijibu kwamba hakuwahi kusema juu ya vidole. Katika barua walizobadilishana na ambazo zilichapishwa na jarida la Chemical & Engineering News mwezi Desemba 2003, kila mmoja alikuwa akiipinga picha aliyoichora mwenyewe ya mawazo ya mwenzake. Vidole vilikuwa msaada wa lugha tu, njia ya kumwezesha msomaji kuona kisichoonekana. Lakini sitiari ikishakubalika huanza kudai haki zake: chenye vidole sharti kiwe na mkono, na chenye mkono sharti kiwe na nia. Ndivyo ilivyozaliwa ile hofu ya uji wa kijivu, yaani viundaji vinavyojizalisha vyenyewe mpaka vikaila dunia yote. Mwaka 2004 Phoenix na Drexler waliandika kwamba utengenezaji wa kimolekuli hauhitaji kabisa mitambo inayojizalisha kwa namna hiyo. Hofu ilikuwa imekwisha kuenea.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 juu ya utafiti wa nanoteknolojia iliagiza ufanywe uchunguzi mmoja kuhusu jambo hili. Ripoti ya National Research Council iliyotokana na agizo hilo ilitoka mwaka 2006, nayo ilifikia uamuzi wa kuvutia: kwamba kikomo cha yale yatakayoweza kufikiwa na mifumo ya namna hiyo hakiwezi kutabirika kwa uhakika kwa wakati ule. Hapo ndipo visa-dhanio vinapopata nafasi yao. Jambo linalotabirika hutabiriwa, na jambo lisilowezekana huachwa. Lakini jambo ambalo wataalamu wenyewe wanagombana kama linawezekana, na ambalo likitokea litabadili bei ya kila kitu, halina njia nyingine ya kujadiliwa kwa staha isipokuwa kwa kusema: tuseme limetokea.

4.0 Sarufi ya kukisia

Kiswahili hakina uhaba wa njia za kusema hivyo. Tatizo ni kwamba njia ni nyingi na kila moja hubeba msimamo wake. Chukua sentensi moja ya mfano:

(1) a. Kiwanda cha namna hiyo kikipatikana, bei ya shaba itaanguka.
b. Kiwanda cha namna hiyo kingepatikana, bei ya shaba ingeanguka.
c. Kiwanda cha namna hiyo kingalipatikana, bei ya shaba ingalianguka.

Katika (1a) mofimu -ki- hufungua sharti bila ya kusema lolote juu ya uwezekano wake. Katika (1b) mofimu -nge- humwonyesha msemaji akiegemea upande wa kutokuamini. Katika (1c), kwa wale wanaotofautisha -nge- na -ngali- kama sarufi za kimapokeo zinavyoagiza, mlango umefungwa: kiwanda hakikupatikana na shaba haikuanguka. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi huzichanganya mofimu hizi mbili, na wapo wanaisimu wanaosema tofauti yake imekufa. Katika visa-dhanio tofauti hiyo ina kazi, na ingefaa ifufuliwe kama imekufa. Mfasiri anayekiandika kisa cha hatari kwa -nge- na kisa cha neema kwa -ki- amekwisha kumchagulia msomaji, pengine bila ya kujua.

Ugumu unazidi pale kisa kinapoandikwa kama kwamba kimekwisha kutokea. Watunzi wa mwaka 2007 walipenda mbinu hiyo, na ripoti ya tume ya rais iliyotajwa hapo juu ni mfano wake: mwandishi hujiweka mbele ya wakati na kutazama nyuma. Katika Kiswahili matokeo yake huwa kama ifuatavyo:

(2) Mwaka 2041 kiwanda cha kwanza kilifunguliwa. Bei ya shaba ikaanguka, migodi ikafungwa, watu wakahama.

Mofimu -ka- haina wakati wake yenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia, na kila kitenzi kinachofuata huazima kwa mwenzake, kama watu wanaovuka mto kwa kushikana mikono. Katika (2) mnyororo mzima unaning'inia kwenye -li- ya kitenzi cha kwanza. Msomaji anayeianza aya katikati hukutana na "migodi ikafungwa, watu wakahama" na hana alama hata moja ya kumjulisha kwamba anasoma dhanio. Kiingereza kina tatizo lilelile, lakini si kwa ukali huo, kwa kuwa kila kitenzi chake hujibebea alama yake ya wakati. Hivyo mfasiri wa Kiswahili analazimika kuirudia alama ya kudhania mara nyingi kuliko matini asilia, hata kama urudiaji huo utaonekana kuwa mzito.

Kuna mtindo wa tatu. Kati ya mwaka 2005 na 2016 Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilikuwa na kituo kilichochunguza nanoteknolojia katika jamii. Katika mradi wake mmoja, uliohusishwa zaidi na mtafiti Cynthia Selin, maelezo mafupi ya bidhaa ambazo hazijakuwapo yaliwekwa kwenye intaneti ili wasomaji wayajadili, baada ya kuhakikiwa na wanasayansi kama yana mashiko. Yaliandikwa kwa lugha ya tangazo la biashara, bila ya wahusika wala mgogoro. Kimojawapo kilikuwa kifaa cha kugundua maradhi kabla ya mtu kuyahisi. Kingine kilikuwa gereza lisilo na nondo, ambamo mfungwa anazuiwa na dawa iliyofichwa mwilini mwake. Kutokuwa na hadithi kulikusudiwa: watungaji walitaka msomaji mwenyewe ajaze nani atakinunua na nani atafungwa. Maelezo ya namna hii yakiandikwa kwa Kiswahili huvuta mofimu hu-: "Kifaa hiki hupima damu kila baada ya saa moja." Na hu- ndiyo mofimu ya mazoea, ya kanuni na ya methali. Haina wakati, na kwa hiyo haina shaka. Kwa msomaji wa Kiswahili, kifaa kinachopimishwa kwa hu- kimo dukani.

Wenzo unaofaa zaidi upo katika matumizi ya kawaida: vitenzi vya hali tegemezi vinavyotangulizwa mwanzoni mwa hoja, kama vile tuseme, tujaalie, tuchukulie. "Tujaalie" limezoeleka kwa walimu wa hesabu. Sifa ya vitenzi hivi ni kwamba haviielezi dunia; vinamwomba msikilizaji ridhaa. Hadithi za Waswahili zimekuwa na utaratibu huo tangu zamani: msimulizi husema "Paukwa!" na hawezi kuendelea mpaka wasikilizaji wajibu "Pakawa!" Kila aliyejibu amekubali kwamba kinachofuata ni hadithi, na hawezi kumshtaki msimulizi kwa uongo. Kisa-dhanio ni maandishi yanayohitaji "pakawa" yake, na msomaji wa karatasi au wa kioo cha kompyuta hapewi nafasi ya kuitamka.

5.0 Nani yumo katika "tu-"

Kiambishi cha nafsi katika "tuseme" kinastahili kuangaliwa peke yake. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Katika visa-dhanio utata huo si mdogo.

Kazi ya Mont Fleur nchini Afrika Kusini, iliyofanyika mwaka 1991 na 1992 karibu na Stellenbosch, iliwakusanya watu 22 wa vyama na makundi yaliyokuwa yakipingana, wakiongozwa na Adam Kahane aliyetoka Shell. Walikaa pamoja, wakala pamoja, na wakatoka na visa vinne vilivyopewa majina mafupi: Mbuni, Bata Kilema, Ikarus na Kuruka kwa Flamingo. Majina hayo yaliingia katika mazungumzo ya watu kwa sababu yalitamkika. Tanzania nayo ilikuwa na mradi wake, uliochapishwa mwaka 2003 kwa jina la Tutafika, wenye visa vitatu ambavyo viwili kati yake viliitwa Yarabi Nafsi na Amka Kumekucha. Inapendeza kuona kwamba jina la mradi lina -ta- ya uhakika ilhali visa vyenyewe vinashuku kama kufika kutakuwapo, na kwa nani. "Yarabi nafsi" ni kilio cha mtu asiyemjali mwenzake. Jina hilo peke yake linaeleza zaidi ya kurasa kumi za takwimu.

Kazi ya mwaka 2007 juu ya nanoteknolojia haikuwa na chumba wala mlo wa pamoja. Ilikuwa na faida moja kubwa ambayo Mont Fleur haikuwa nayo: gharama yake ilikuwa ndogo, na mtu hakuhitaji nauli wala kibali cha kusafiri. Hata hivyo mtandao wenyewe ulikuwa na jiografia yake. Hadi katikati ya mwaka 2009, ulipofika mkongo wa SEACOM, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa mkongo wa baharini wa aina hiyo. Mawasiliano ya intaneti yalitegemea satelaiti, yakawa ya polepole na ya bei kubwa. Mhadhiri wa Dar es Salaam au wa Nairobi angeweza kushiriki, ila kwa kulipia kila dakika. Mabara sita yaliwakilishwa, na waandaaji wanastahili sifa kwa hilo. Lakini mtu mmoja au wawili kutoka bara si sauti ya bara.

Zaidi ya hayo, maandishi ya pamoja yana tabia ambayo kikao hakina. Kikaoni, mwenye shaka husikika hata akinyamaza, kwa kuwa wenzake wanamwona. Katika maandishi yanayosahihishwa na wengi, "huenda", "yamkini" na "kwa kadiri ijulikanavyo" ndiyo maneno rahisi kuliko yote kufutwa na mhariri anayetaka sentensi safi, na aliyeyaandika anaweza asijue kwamba yamefutwa. Mshiriki anayefikiri kwa lugha nyingine kisha akaandika kwa Kiingereza hupoteza mara mbili: kwanza anapolitafutia shaka lake neno la kigeni, kisha neno hilo linapoondolewa.

6.0 Mkonge, shaba na kisa kisichotungwa

Umuhimu wa swali la nafsi unaonekana wazi katika bidhaa ghafi. Tanzania iliwahi kuongoza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takribani tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Sababu zake hazikuwa moja, na wapo wanaotaja utaifishaji wa mwaka 1967 kuwa ndiyo kubwa. Lakini nyuzi za plastiki zilizotengenezwa katika viwanda vya mbali zilikuwa zimekwisha kuishusha bei kabla ya hapo. Mabadiliko ya muundo wa molekuli katika maabara ya Ulaya na Marekani yalifunga mashamba ya Tanga na Morogoro. Katika miaka ya 1950 wenye kuamua juu ya mashamba hayo walizijua nyuzi hizo. Makuli waliokata mkonge hawakuulizwa wangefanya nini endapo kamba ya katani ingekosa mnunuzi.

Mwaka 2005 South Centre ilichapisha utafiti ulioandikwa na ETC Group juu ya athari ambazo teknolojia za kiwango cha nano zinaweza kuzileta katika masoko ya bidhaa ghafi za nchi zinazoendelea. Mifano iliyochaguliwa ilikuwa mpira, platinamu na shaba. Kwa upande wa shaba hoja ilikuwa kwamba vijineli vya kaboni vinavyopitisha umeme vinaweza siku moja kuchukua nafasi ya waya. Hadi sasa mambo yamekwenda kinyume: magari ya umeme na mitambo ya nishati ya jua na upepo imeongeza mahitaji ya shaba, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Viundaji vya Drexler havipo. Molekuli zinazojongea kwa amri zipo, nazo ziliwapatia Sauvage, Stoddart na Feringa Tuzo ya Nobel mwaka 2016, lakini hakuna aliyejenga kiwanda kwazo. Kile kilichoingia mwilini mwa watu kwa mamilioni kutoka taaluma hii ni chembe ndogo za mafuta zinazobeba chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19, zilizoanza kutumika Desemba 2020.

Msomaji aliyevichukua visa vya 2007, au utafiti wa 2005, kuwa ni utabiri atasema wandishi wake walikosea. Hukumu hiyo inatokana na kusoma -ki- kama -ta-. Swali linalofaa kuulizwa ni kama visa hivyo vilimwandaa mtu yeyote kwa lolote, na hapo jibu si la kufurahisha sana: vilisomwa zaidi na waliokuwa wakijadili mambo hayo tayari.

Shaba ya Katanga huchimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili. Kiswahili cha Lubumbashi kimekuwa lugha ya migodini kwa takribani karne nzima, kikiwa na sarufi yake na msamiati wake wa kazi, na wanaisimu wamekiandikia mengi. Kisa-dhanio kuhusu shaba isiyohitajika tena kinaweza kutungwa Kolwezi au Lubumbashi kwa lugha hiyo, na watu ambao -nge- na -ki- zao zitakuwa na uzito wa mshahara na nyumba. Simu za mkononi na mikongo iliyopo leo vinaruhusu kazi hiyo ifanywe pamoja na watu wa Tanga wanaoukumbuka mkonge. Litabaki suala moja la kiufundi kwa mwanaisimu atakayealikwa: kusikiliza ni umbo gani la sharti ambalo wasemaji hao hulitumia wanapozungumza juu ya mgodi kufungwa, kabla ya kuwapa la Kiswahili sanifu.